Mbunge Mmoja Kati ya 49

Mtu akiingia bungeni hana chama nyuma yake, hana fedha, na hata rangi ya ngozi yake ni ya peke yake katika ukumbi mzima, je, anaweza kufanya lolote zaidi ya kupokea posho na kurudi nyumbani? Kila uchaguzi unapokaribia swali la namna hii huulizwa, na jibu tunalolizoea ni kwamba haiwezekani, mbunge mmoja ni kura moja tu. Juma hili nataka nizungumze habari za mtu aliyekaa katika bunge la jimbo la Nebraska, huko Marekani, kwa jumla ya miaka 46. Alikuwa kura moja kati ya 49. Lakini katika sehemu kubwa ya miaka hiyo wenzake hawakuweza kupanga kazi ya Bunge bila kwanza kujiuliza yeye atafanya nini. Jina lake ni Ernest Chambers, na Nebraska nzima inamwita Ernie.

Kabla sijaenda mbali tuelewane juu ya maneno. Ninaposema jimbo sina maana ya jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea sisi. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Yale mabishano ya Washington tunayoyasikia katika taarifa za habari ni ya Bunge la taifa. Lakini sheria zinazomgusa Mmarekani asubuhi mpaka jioni, yaani shule ya mtoto wake, polisi wa mtaani kwake, kodi ya nyumba yake, na hata kama muuaji atanyongwa au atafungwa maisha, hizo kwa sehemu kubwa hutungwa katika mabunge ya majimbo. Wabunge wake ni maelfu, na wengi wao hakuna anayewajua nje ya wilaya zao.

Nebraska iko katikati ya nchi. Ni jimbo la mahindi na ng'ombe, lenye watu kama milioni 2. Watu weusi ni kama 5 katika kila 100, na wengi wao wanaishi upande wa kaskazini wa mji wa Omaha. Malcolm X alizaliwa mji huo huo mwaka 1925, ingawa familia yake haikukaa sana.

Sasa, bunge la Nebraska si kama mabunge ya majimbo mengine 49. Mengine yote yana nyumba mbili, hili lina moja tu. Mwaka 1934, wakati wa shida kubwa ya uchumi, wananchi walipiga kura kuifuta nyumba ya pili. Aliyewahimiza sana ni George Norris, seneta wao wa Washington. Yeye alisema kwamba nyumba mbili zikipishana juu ya muswada, kamati ndogo hukutana faraghani kusuluhisha, na humo ndimo miswada mizuri inamouawa bila mwananchi kujua nani ameiua. Hata karatasi ya kura ikabadilishwa: mgombea wa Bunge huandikwa jina bila chama chake. Kwa hiyo ndani ya Bunge hilo hakuna kiongozi wa upinzani wala mnadhimu wa chama wa kumwambia mbunge nyamaza, leo tunapiga kura hivi. Kila mmoja huitwa seneta na kila mmoja husimama kwa miguu yake. Naomba msikilizaji ulishike hilo, maana bila hilo habari za Chambers hazieleweki. Bunge hilo jipya lilifungua mlango wake mwaka 1937, na mwaka huo huo, tarehe 10 Julai, Chambers alizaliwa Omaha.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama na pia mhubiri wa kanisa la Kipentekoste. Kijana alisoma, akapata shahada ya historia katika Chuo Kikuu cha Creighton mwaka 1959. Alianza masomo ya sheria akayaacha, na hakuyamaliza mpaka 1979, wakati tayari ni mbunge. Hata baada ya kuyamaliza hakuwa wakili, kwa sababu sheria ilimtaka ajiunge na chama cha mawakili na kukilipa ada, naye hakutaka kulazimishwa. Kabla ya hapo alifanya kazi posta. Akaipoteza, na kwa maelezo yake mwenyewe ni kwa sababu alipinga wakubwa kuwaita wafanyakazi weusi, watu wazima wenye familia zao, "watoto". Ndipo akashika mkasi na mashine, akawa kinyozi.

Tusidharau kibanda cha kinyozi. Kila mwanamume hupita hapo, tajiri na maskini, na akishakaa kwenye kiti hana pa kwenda mpaka nywele ziishe. Chambers alinyoa huku anazungumza habari za polisi, shule, nyumba mbovu na kazi zisizopatikana. Katikati ya miaka ya 1960 walikuja watu wa filamu. Walikuwa wakimfuata mchungaji mmoja Mzungu wa kanisa la Kilutheri aliyetaka waumini wake watembeleane na Walutheri weusi, basi, kutembeleana tu. Mchungaji akaingia kwa kinyozi. Chambers, mkono hauachi kazi, akamweleza kwa utulivu kwamba Ukristo wa Wazungu wa Omaha haulingani na kitabu wanachokibeba. Filamu hiyo, A Time for Burning, ilitoka mwaka 1966 na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mchungaji yule alijiuzulu kanisani kwake. Kinyozi alichaguliwa mbunge mwaka 1970, akaapishwa Januari 1971 kuwakilisha Wilaya ya 11.

Alikuta ukumbi wa mawakili, wakulima wakubwa na mawakala wa bima, wote Wazungu. Kwa sehemu kubwa ya miaka zaidi ya 30 iliyofuata yeye ndiye alikuwa mbunge mweusi pekee. Wenzake walivaa suti, yeye alikuja na suruali ya jinzi na fulana. Mshahara ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka, na tangu kura ya wananchi ya mwaka 1988 ukawa dola 12,000, hiyo ikiwa ni 1,000 kwa mwezi. Kwa Marekani fedha hizo hazimtunzi mtu na nyumba yake, ndiyo maana wabunge wengi wa huko wana kazi nyingine na Bunge ni la msimu. Chambers aliifanya kazi ya Bunge kuwa kazi yake ya kutwa. Na kitu cha kwanza alichokifanya ni kile ambacho wabunge wengi, huko na kwingineko, hawakifanyi: alikisoma kitabu cha kanuni.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye siri yenyewe.

Katiba ya Nebraska inalipa Bunge siku 90 katika mwaka mmoja na siku 60 katika mwaka unaofuata. Siku zikiisha, zimeisha. Kila muswada lazima usikilizwe mbele ya wananchi, kisha upite hatua tatu za mjadala. Miswada ni mamia. Kwa maneno mengine, kitu adimu kabisa katika Bunge hilo ni saa, kuliko hata fedha. Kanuni zinamruhusu kila mbunge kusema mara tatu juu ya hoja iliyo mezani, dakika tano kila mara. Ukipiga hesabu utasema dakika 15 si kitu. Lakini hiyo ni kwa kila hoja. Mbunge akileta marekebisho ya muswada, hiyo ni hoja mpya. Akiomba muswada urudishwe kwenye kamati, hoja mpya. Akiomba uahirishwe, hoja mpya. Kura ikipigwa akashindwa, anaweza kuomba kura hiyo ifikiriwe upya, na hiyo nayo ni hoja. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye kifua kizuri, asiyechoka, aliyeujua muswada kuliko hata aliyeuandika, anaweza kula asubuhi nzima, na kesho akala asubuhi nyingine.

Chambers alifanya hivyo kwa miaka na miaka. Wala hakusoma kitabu cha simu ili kupoteza muda. Aliuchambua muswada kifungu kwa kifungu, akaonyesha koma iliyokaa pabaya, neno lenye maana mbili, adhabu isiyolingana na kosa. Mara nyingine akatunga mashairi ya kuwachekesha au kuwachoma wenzake. Na wale wenye miswada iliyokuwa nyuma kwenye foleni walikaa wanatazama saa. Seneta mkulima ana muswada wake wa maji ya kumwagilia, ni wa nne, na siku zimebaki sita. Afanye nini? Atamfuata Chambers nje ya ukumbi amuulize: mzee, unataka nini katika huu wa kwanza ili utuache tupite? Hapo ndipo kura moja inakuwa na uzito wa kura ishirini. Baadaye Bunge liliweka kanuni ya kufunga mjadala kwa kura 33, yaani theluthi mbili, lakini hata kabla ya kura hiyo kuitishwa saa nyingi hupita, na kuzipata kura 33 si jambo la kila siku.

Wapo waliomlaumu kwamba huku ni kuteka Bunge nyara. Mimi siwalaumu wanaosema hivyo. Mtu mmoja kuzuia kazi ya watu 48 waliochaguliwa kama yeye ni jambo zito. Lakini kanuni zile hakuziandika yeye. Zilikuwapo, na seneta yeyote angeweza kuzisoma.

Je, alizitumia kupata nini? Nianze na jambo lililokuwa karibu na mlango wake. Zamani madiwani wa Omaha walichaguliwa na mji mzima. Kwa kuwa weusi walikuwa wachache na wamekusanyika upande mmoja, kura zao zilimezwa kila mara, na hapakuwa na diwani mweusi hata mmoja. Chambers alipigania sheria ya kuugawa mji katika wilaya, kila wilaya na diwani wake. Ilipita mwaka 1979. Uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hiyo ulifanyika 1981, na mtu mweusi wa kwanza akaingia katika baraza la mji. Hakuna aliyepewa upendeleo. Ni mistari tu ya ramani iliyobadilishwa.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi wa Afrika. Mwaka 1980, wakati Zimbabwe inapandisha bendera yake na makaburu wa Pretoria bado wako imara, Chambers alipata habari kwamba Chuo Kikuu cha Nebraska kimepewa zawadi ya Krugerrand, zile sarafu za dhahabu za Afrika Kusini. Akauliza: na fedha za pensheni za watumishi wa jimbo letu, nazo zimewekwa wapi? Akaleta azimio bungeni kutaka fedha hizo ziondolewe katika makampuni yanayofanya biashara na utawala wa ubaguzi. Likapita. Nebraska, jimbo la wafugaji, ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuchukua hatua hiyo. Azimio lile halikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu, kwa hiyo mwaka 1984 akarudi na sheria yenye meno. Bunge la Washington lenyewe halikuweka vikwazo vikubwa dhidi ya makaburu mpaka 1986, tena kwa kuivunja kura ya turufu ya Rais Reagan. Tunapowataja waliotusaidia katika vita ile tunawataja marais na vyama vya ukombozi, na ni haki. Kinyozi wa Omaha hatajwi.

Alipigania pia sheria ya mwaka 1988 iliyokomesha viboko katika shule za serikali za Nebraska. Na alikuwa na jambo lake moja ambalo wengi walilicheka. Huko mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, ni kama dini. Uwanja wa Chuo Kikuu mjini Lincoln umejaa kila mechi tangu 1962. Chambers aliuliza: kocha analipwa, chuo kinapata mamilioni, muuza soseji anapata chake, mbona kijana anayevunjika goti uwanjani halipwi? Mwaka 1988 Bunge lilikubaliana naye, lakini Gavana Kay Orr akaupinga muswada kwa kura ya turufu. Mwaka 2003 ukapita mwingine na gavana wa wakati huo akautia saini, ila ulikuwa na sharti kwamba majimbo mengine ya ligi yao nayo yapitishe sheria kama hiyo, na hayakupitisha. Julai 2021, miezi sita baada ya Chambers kuondoka bungeni, wakuu wa michezo ya vyuo vya Marekani waliruhusu wachezaji kupata fedha kwa majina na sura zao.

Mahakamani hakuwa na bahati sana. Bunge la Nebraska lilikuwa likimlipa kasisi mmoja wa Kipresbiteri dola 319 na senti 75 kwa mwezi ili afungue kikao kwa sala. Chambers alishtaki kwamba fedha za kodi haziwezi kumlipa kasisi wa dini moja. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1983 majaji 6 kwa 3 wakaamua kwamba sala ile ni desturi ya tangu kuundwa kwa taifa na haivunji Katiba. Hukumu hiyo inaitwa Marsh dhidi ya Chambers. Tangu hapo kila baraza la mji au bunge linalotaka kutetea sala zake hulitaja shauri hilo, hivyo jina la Chambers limebaki katika vitabu vya sheria likitetea jambo alilolipinga.

Lile lililomfanya ajulikane dunia nzima ni la mwaka 2007, alipomshtaki Mwenyezi Mungu katika mahakama ya wilaya mjini Omaha, akidai azuiwe kuleta mafuriko na matetemeko. Najua wapo wasikilizaji watakaokwazika, na mimi mwenyewe sikuupenda mzaha huo. Lakini sababu yake haikuwa mzaha. Wakati huo kulikuwa na watu waliotaka sheria ya kuzuia baadhi ya mashauri yasifunguliwe kabisa, kwa hoja kwamba ni ya kipuuzi. Yeye alitaka kuonyesha kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa yeyote kumshtaki yeyote, na kazi ya kutupa shauri la kipuuzi ni ya jaji. Mwaka 2008 jaji akalitupa. Alisema mdaiwa hana anwani inayojulikana, hivyo hawezi kupelekewa hati ya wito. Chambers akajibu kwamba kama mahakama inakiri Mungu yupo, basi inakiri pia kwamba anajua yote, na shauri hili analijua.

Si kila alilolifanya lilikuwa jema. Mwaka 2006 aliingiza kifungu cha kuigawa wilaya ya shule za Omaha mara tatu, na mipaka ile kwa hesabu za watu ingetoa wilaya moja ya weusi wengi, moja ya Wazungu wengi na moja ya wenye asili ya Amerika ya Kusini. Alisema watoto wetu tayari wametengwa, basi angalau wazazi wawe na mamlaka juu ya shule zao. Chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, NAACP, kikaenda mahakamani kuipinga, na mwaka uliofuata Bunge likaibadili kabla haijaanza kutumika. Hoja yake naielewa, lakini sheria inayochora mipaka ya shule namna hiyo ni hatari kwa yeyote atakayekuja kuitumia baadaye. Na mwaka 2015, katika kusikiliza muswada wa bunduki, aliwafananisha polisi na kundi la ISIS. Maseneta wengi walimtaka aombe radhi, naye akakataa. Ulimi uliokuwa silaha yake haukujua kila mara pa kusimama.

Basi wapinzani wake walitafuta dawa. Kumshinda katika Wilaya ya 11 haikuwezekana. Mwaka 2000 wananchi wa jimbo zima walipiga kura kuweka ukomo: mbunge asizidi vipindi viwili vya miaka minne mfululizo. Wengi Nebraska waliamini kwamba sheria hiyo ilimlenga yeye zaidi ya mtu mwingine yeyote. Iliwaondoa maseneta wengi wazoefu, na Januari 2009 ikamwondoa Chambers baada ya miaka 38. Lakini mtu aliyesoma kanuni kwa miaka 38 hasomi nusu ya sentensi. Neno lilikuwa "mfululizo". Alikaa nje miaka minne, mwaka 2012 akagombea tena, akamshinda kwa kura nyingi aliyekuwa amechukua nafasi yake, na Januari 2013 akarudi katika ukumbi ule ule, akiwa na miaka 75.

Hoja ya ukomo naiheshimu. Sisi katika bara hili tunajua gharama ya mtu asiyetaka kutoka. Hata hivyo kuna tofauti kati ya anayeshika dola na mbunge mmoja asiyekuwa na jeshi wala hazina, ambaye kila miaka minne anarudi kwa watu wake na wao wana hiari ya kumkataa. Marekani hiyo hiyo, jimbo la Wisconsin lilikuwa na mbunge, Fred Risser, aliyekaa tangu 1957 mpaka Januari 2021, zaidi ya miaka 60, na hakuna aliyetaja demokrasia kufa. Nebraska iligundua kwamba wabunge wazoefu wakiondolewa kwa pamoja, wanaobaki na kumbukumbu ya Bunge ni makarani na wale wanaolipwa na makampuni kushawishi wabunge.

Nimeliacha mwisho jambo lililokuwa moyoni mwake kuliko yote. Kuanzia miaka ya 1970, karibu kila Bunge, Chambers alileta muswada wa kufuta adhabu ya kifo. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali isiue, na kwamba anayeuawa mara nyingi ni maskini mwenye wakili dhaifu. Mwaka 1979 Bunge lilikubali, Gavana Charles Thone akaupinga kwa kura ya turufu. Mwaka 1994 jimbo likamuua mtu kwa kiti cha umeme, mara ya kwanza tangu 1959. Aliyeuawa alikuwa mweusi, Harold Otey, aliyehukumiwa kwa kumuua mwanamke kijana, na Chambers alihangaika mpaka dakika za mwisho kumwokoa. Nje ya gereza usiku ule kulikuwa na umati unaoshangilia. Wengine wawili waliuawa 1996 na 1997. Kila mwaka Chambers akaleta muswada, kila mwaka ukaanguka.

Mwaka 2015 upepo uligeuka, na cha ajabu ni kwamba waliougeuza walikuwa wahafidhina. Maseneta vijana wa chama cha Republican walianza kuuliza kwa nini serikali isiyoaminika kukusanya kodi vizuri iaminike kuua. Maaskofu Wakatoliki waliipinga adhabu hiyo. Tena ilikuwa haitekelezeki: jimbo lilikuwa limelipa zaidi ya dola 54,000 kwa mfanyabiashara wa India ili lipate dawa za sindano ya kuulia, na dawa hazikufika. Mwezi Mei Bunge likapitisha muswada wa Chambers kwa kura 32 dhidi ya 15. Gavana Pete Ricketts akaupinga tarehe 26. Ili kuivunja kura ya turufu zilihitajika kura 30 kamili, na siku ile baadhi ya waliounga mkono walikuwa wamekwisha rudi nyuma. Tarehe 27 Mei zikahesabiwa: 30 dhidi ya 19. Isingetosha kama angepungua mmoja. Chambers alikuwa na miaka 77, na tangu alipoanza ilikuwa imepita karibu miaka 40.

Furaha hiyo haikumaliza hata miaka miwili. Waliotaka adhabu ibaki, gavana akiwasaidia kwa fedha zake mwenyewe, walikusanya saini zaidi ya 160,000, na sheria ikasimamishwa mpaka wananchi waamue. Novemba 2016, siku ile ile ambayo Wilaya ya 11 ilimchagua tena Chambers, wananchi wa Nebraska walirudisha adhabu ya kifo kwa kura 61 katika kila 100. Nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Wapo kati yao waliopoteza ndugu zao mikononi mwa wauaji, na hakuna mbunge mwenye ruhusa ya kudharau maumivu hayo. Tarehe 14 Agosti 2018 Carey Dean Moore, aliyekuwa akisubiri kifo tangu 1980, aliuawa kwa sindano mjini Lincoln.

Chambers hakubadili desturi yake. Mwaka 2017 alileta tena muswada wa kufuta adhabu hiyo, na mwaka 2019 akaleta mwingine, ukakwama katika hatua ya kwanza ya mjadala. Kisha ukomo ukamfikia kwa mara ya pili. Januari 2021, akiwa na miaka 83, aliondoka, na kiti cha Wilaya ya 11 kikakaliwa na Terrell McKinney, kijana ambaye hakuwa amezaliwa siku Chambers alipoapishwa.